Mti Usiojua Mpaka

Muuzaji wa miche alituapia kwamba aspeni haisumbui. Kwa namna yake alisema kweli: haiogopi baridi ya Minnesota, na inarefuka upesi hata ukiitazama kwa jicho baya. Habari za mizizi hakuzigusa.

Mama watoto aliupendea mti huo majani yake, tukaupanda. Kikonyo cha jani la aspeni kimebapa, basi upepo ukipita kidogo tu, mti mzima unatetemeka na kuvuma. Mama mkwe alipokuja kwetu Champlin kutoka Tanga, asubuhi moja alisikia shwaaa, akatoka mbio na kanga yake: “Anueni nguo, mvua hiyo!” Nje jua linawaka, na kamba ya kuanikia hata hatuna. Akautazama ule mti juu mpaka chini. “Mwenzetu huyu ana homa,” akasema, akarudi kulala.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Aspeni huyu hakungoja kupewa. Mizizi yake ilitambaa chini ya nyasi na kutoa machipukizi kila mahali: kando ya ngazi, katikati ya matofali ya baraza, kisha ng’ambo ya uzio kwa jirani, mzee mstaafu ambaye nyasi zake ni kama amezipima kwa rula. Alikuja na chipukizi mkononi. “Nadhani hili ni lenu,” akasema, akitabasamu. Watu wa huku hawagombi, wanatabasamu, na afadhali wangegomba.

Tukamwita fundi aukate mti. Alikata, akalipwa, akaenda zake. Kumbe shina ndilo linalotuma homoni ya kuizuia mizizi isichipue. Ukiliondoa, umefungua zizi. Theluji ilipoyeyuka, uwanja mzima ukawa msitu wa fimbo.

Kule Utah kuna aspeni iitwayo Pando: mashina yapata 47,000, hekta 43 hivi, yote mti mmoja kwa mizizi yake. Nilimhadithia jirani nikidhani atafarijika. Hakutabasamu.

Rafiki yetu wa Brooklyn Park alichimba chipukizi moja akapande kwake. Likafa, maana mara nyingi machipukizi hayo hunyonya mzizi wa mama na yenyewe hayana mizizi ya maana. Yaani linakufa pale tu linapotakiwa.

Mwenye shamba kubwa na apande aspeni, ataifurahia. Mwenye kiwanja cha nyumba, tena mwenye jirani, apande mwaloni.