Kungwi wa Kijibwa

Mfyuu! Eti mbwa naye anafundwa kabla ya kupanda ndege. Siyazushi mimi. Yamesemwa kwenye benchi la kahawa Kiwalani, mahali ambapo ndege zinapita juu ya mabati yetu kutwa kucha na hakuna anayejisumbua kuinua shingo.

Aliyeyaleta ni dada wa mtaa huu huu anayefanya kazi za ndani kule Masaki. Mabosi wake ni Waholanzi, mkataba wao umekwisha, wanarejea Amsterdam, na wana kijibwa. Chenyewe hakifiki hata kilo tano, manyoya meupe yamekifunika macho, na woga wake si wa nchi hii. Blenda ikiwashwa, kipo chini ya kochi. Radi ikipiga, chini ya kochi. Mtu wa gesi akigonga geti, kinatetemeka mpaka unasikia kucha zinagonga vigae. Sasa dada kaongezewa kazi juu ya kazi: akiandae kijibwa hicho kwa safari ya usiku kucha angani.

Benchi zima likasonya kwa mpigo. Fundi viatu akaweka sindano chini. "Mie nilipandishwa basi la Bukoba nina miaka saba, nimetapika toka Morogoro mpaka Singida. Nani alinifunda?" Tukacheka sana. Hapo hapo dada akabatizwa jina, Kungwi wa Kijibwa, na sidhani kama litamtoka leo wala kesho.

Kungwi mwenyewe hakucheka. Aliagiza kikombe, akapuliza, akaanza kutupa darasa la makaratasi.

Kumbe mbwa wa kutoka Tanzania haingii Umoja wa Ulaya hivi hivi. Anawekwa kwanza chipu chini ya ngozi, yenye namba ya tarakimu 15. Halafu ndiyo chanjo ya kichaa cha mbwa, na chipu lazima itangulie, maana mbwa asiye na namba hawezi kuthibitisha kwamba aliyechanjwa ni yeye. Zikipita siku 30 anatolewa damu, inapelekwa kwenye maabara inayotambuliwa na Umoja wa Ulaya, wapime kama kinga imefika kiwango cha 0.5. Ikifika, usishangilie. Unahesabu tena miezi 3 tangu siku damu ilipotolewa. Ndipo daktari wa mifugo wa serikali anapoandika cheti cha afya, nacho kinakupa siku 10 uwe umeshaingia huko.

"Yaani damu inasafiri kabla ya mwenye damu!" akasema kijana wa bodaboda. Yeye aliwahi kunyimwa viza, kwa hiyo habari za wanaosafiri humchoma.

Wenzangu walisonya tena, mimi sikusonya. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu, kupona ni nadra kiasi cha kutohesabika, na karibu wote wanaokufa nacho duniani waliambukizwa na mbwa. Mtaani kwetu mtoto akiumwa na mbwa koko kwanza tunamtafuta mwenye mbwa tugombane naye, badala ya kuosha jeraha kwa maji mengi na sabuni, robo saa nzima, kisha kumkimbiza hospitali akachomwe sindano. Kwa hiyo waliokwisha kuufukuza ugonjwa huo kwa mbwa wao wakisema hawataki urudi ndani ya begi la mtu, mimi nawaelewa.

Ila kilichonikaa kichwani ni hesabu. Siku 30 na miezi 3: minne hiyo, upende usipende. Na mbwa mwoga anahitaji muda wa namna hiyo hiyo ili alizoee begi. Kungwi anasema wengi huikaa miezi hiyo wakisubiri majibu ya damu tu, begi limetupwa kabatini na lebo yake ya dukani. Siku ya safari mnyama anasukumiwa humo kwa mara ya kwanza, zipu inafungwa, anaanza kubweka. Halafu watu wanasema mbwa huyu msumbufu.

Yeye alianza wiki ile ile ya chanjo. Daktari wa mifugo alimwelekeza, akili nyingine akaongeza mwenyewe. Begi ni la kitambaa, lina nyavu pembeni za kupitisha hewa, na linatakiwa liingie chini ya kiti cha mbele. KLM, Air France na Lufthansa wanataka mbwa na begi lake visizidi kilo 8 kwa pamoja, ila urefu na upana wa begi kila shirika lina vipimo vyake, na mbwa lazima aweze kusimama na kujigeuza humo ndani. Basi begi likawekwa sebuleni, mdomo wazi, na hakuna aliyemwambia mbwa kitu. Kijibwa kikalizunguka kwa mbali. Bakuli la chakula likasogezwa jirani na begi, baada ya siku kadhaa mlangoni, baadaye ndani kabisa. Hakuna kusukuma. Chini ya begi akatandika kanga yake aliyokwisha kuivaa, haijafuliwa, kwa sababu mbwa yule ukimwondolea harufu ya dada huyu hana tena wa kumwamini.

"Kanga imeandikwaje?" fundi viatu akadakia. Kungwi akamkata jicho. Mpaka leo hatujui.

Mbwa alipoanza kujilalia humo bila kuitwa, zipu ikafungwa kwa dakika moja, ikafunguliwa kabla hajalalamika. Kisha muda mrefu kidogo. Kisha begi begani, juu na chini ya ngazi. Kisha bajaji. Mngurumo wa ndege uliorekodiwa ukachezwa kwenye simu wakati wa kula, kwa sauti ya chini, ikapandishwa kidogo kidogo. Lakini simu ni simu. "Masaki kimya kimezidi," anasema kungwi, "kimya chao ndicho kilichomharibu mbwa." Kwa hiyo kila Jumapili anamleta Kiwalani.

Tukaangaliana. Kila Jumapili? Akainua upindo wa dera lake. Muda wote ule begi lilikuwa miguuni pake, na ndani ya wavu macho mawili yanatutazama! Mzee wetu anayewahi safu ya kwanza msikitini akavuta kikoi chake haraka, akasogea mwisho wa benchi. Pua ya mbwa ikimgusa ni kuosha mara saba, moja kwa udongo, na mzee hana muda huo. Ila ni yeye aliyetunyamazisha tulipozidisha kelele: kiumbe ana roho, akasema, na yupo mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumchotea maji kwa kiatu mbwa mwenye kiu.

Ikapita ndege. Vikombe vikalia kwenye sinia. Kungwi hakumtazama mtu, mkono ulikwishaingia kwenye mkoba. Ngurumo ilipoanza, kipande cha kuku kikapita kwenye zipu. Ilipozidi, kipande kingine. Ilipokufa, kuku akakoma. Masikio ya kijibwa yalilala, yakasimama, kikatafuna. Anasema majuma ya mwanzo kilikuwa kinajilamba pua na kupiga miayo mfululizo, na miayo ya mbwa mara nyingi haihusiani na usingizi, ni hofu inatafuta pa kutokea. Kikikataa kuku, basi umekimbia mno, unarudi hatua nyuma. Sijawahi kumwona mtu akimsoma mtoto wake namna ile, na hapa mtaani watoto tunao wengi.

"Shida yote ya nini," kijana wa bodaboda akasema, "mpe Piriton alale." Ndivyo wengi wetu tulivyosafirishwa na mama zetu, si ndiyo? Nusu kijiko kabla ya basi kutoka stendi. Kungwi akatikisa kichwa. Madaktari wa mifugo wa Marekani kupitia chama chao, na IATA, chama cha mashirika ya ndege, wote wanaonya usimpe mbwa dawa ya kumlaza kwa ajili ya ndege. Dawa za aina hiyo hushusha shinikizo la damu na kuvuruga mwili usijue baridi wala joto. Tena ile ya siku nyingi, acepromazine, inaufunga mwili huku hofu imebaki macho kichwani. Ndani ya ndege kwenyewe hewa inakuwa nyepesi, sawa na mtu wa pwani kuamkia Njombe. Mbwa mwenye pua ya kubonyea, pug na bulldog, hata bila dawa anapata tabu. Zipo dawa za kupunguza wasiwasi ambazo daktari anaweza kuandika, lakini zinajaribiwa nyumbani mapema, si pale uwanjani.

"Basi Big G, masikio yasizibe." Mfyuu! Zile jojo zisizo na sukari nyingi zina xylitol, nayo humuua mbwa. Ndege ikipanda na ikishuka kinatosha kitu chake cha kutafuna, akimeza mate masikio yanazibuka. Mlo mkubwa uwe umepita saa nne mpaka sita kabla, maji kidogo kidogo, na kitambaa cha kunyonya mkojo chini ya kanga.

Mwalimu mstaafu, ambaye hakuna mazungumzo anayoyaacha yapite bila mwaka, akatupeleka Moscow. Mbwa Laika aliokotwa mtaani, akarushwa angani tarehe 3 Novemba 1957 ndani ya Sputnik 2. Naye alifundwa: mbwa wale waliwekwa kwenye vizimba vilivyopunguzwa ukubwa hatua kwa hatua, siku mpaka 20, wazoee kubanwa. Laika alikufa kwa joto saa chache baada ya kuruka, na mpango wa kumrudisha haukuwapo tangu mwanzo. Belka na Strelka ndio waliorudi wazima, Agosti 1960. "Kizimba kilimfuata Laika," mwalimu akasema, "hiki chako umekiacha kilifuate begi chenyewe." Nikaona leo kapasua jipu, maana mara nyingi mwalimu anatupa tarehe tu na kuondoka.

Mjomba aliyerudi kutoka Doha naye hakutaka kupitwa. Huko Ghuba, anasema, anayepewa heshima ni kozi, ndege wa kuwindia. Qatar Airways wanaruhusu kozi mpaka 6 katika daraja la kawaida, wamekaa na abiria, macho yamefunikwa kofia za ngozi. Emirates nao mbwa wa kawaida hakai nawe, lakini kozi anakaa kwenye baadhi ya safari za Dubai na Pakistani. Na ukienda Uingereza, mbwa asiye wa kumwongoza mlemavu anaingia kama mzigo, hata awe mdogo wa kuingia mfukoni. Ndege anapanda ndege, mbwa anakuwa mzigo! Tulisonya mpaka mwuza kahawa akauliza kama kahawa ina kasoro.

Linalomtisha zaidi kungwi ni ukaguzi. Pale uwanjani Julius Nyerere unakaguliwa mlangoni, unakaguliwa tena mbele, na kila mara mbwa anatolewa, begi tupu linapita kwenye mashine, mbwa anapita mikononi mwa mtu. Asipitishwe kwenye mashine hata kwa bahati mbaya. Akiponyoka hapo, katikati ya matoroli na watu, kumpata ni kazi ya siku nzima. Kwa hiyo wamefanya mazoezi: mkanda wa kifuani, toa, beba, rudisha, kuku. Mama mwenye nyumba ndiye anayebeba sasa, kwa sababu kungwi hasafiri. Mikono ya mama ilikuwa inatetemeka kuliko mbwa, na mbwa akiisikia mikono hiyo naye anaanza. Ikabidi afundwe na bosi.

Sote tukawa tumeridhika, kila mtu keshakuwa mtaalamu. Mwalimu akafuta miwani.

"Na shirika la ndege limesemaje?"

"Kuhusu nini, mwalimu?"

"Kuhusu mbwa. Ndani wanakokaa abiria hawachukui mbwa wengi kwa safari moja. Anaandikishwa mapema, analipiwa, anathibitishwa."

Kungwi akakaa kimya. Bosi alinunua tiketi mtandaoni, za watu wanne, alimwona kwa macho yake akibonyeza. Mbwa hakumsikia akitajwa.

"Safari lini?"

"Jumanne hii inayokuja."

Mfyuuuu! Msonyo huo nadhani ulifika mpaka Vingunguti. Miezi minne ya chipu, damu, kanga na kuku, na simu moja haijapigwa! Kungwi alikwishasimama, begi begani, simu sikioni, "Haloo mama, samahani kukusumbua siku ya mapumziko..." na kijana wa bodaboda anapiga kiki, anamwambia apande haraka, Masaki ni buku tano, mbwa bure.