Aliyemwona Kuku

Kwenu jodala, watu wa nyumbani, nyote wa Kondele, Manyatta, Nyalenda na Dunga, hapo Kisumu,

Salamu nyingi kutoka Uingereza, nchi ambayo mtu akibanwa na kikohozi ndani ya sinema husubiri bunduki ilie kwanza ndipo akohoe. Mmeuliza kama huku kuna vibanda vya video. Vipo, ila huitwa vyama vya filamu na vina katiba. Vina mwenyekiti, katibu na mweka hazina, vina ada ya mwaka na mkutano mkuu, na huendeshwa na watu wa kujitolea kwenye ukumbi wa kanisa au wa kijiji, viti vya kukunja vikiwa vimepangwa kama vya mtihani wa kitaifa. Filamu yenyewe mara nyingi ni ya zamani, nyingine kuukuu kuliko wanaoitazama, na hao si vijana. Kila mtu hupewa karatasi ya maelezo: nani aliiongoza, ilipigwa wapi, nani aligombana na nani. Taa zikizimwa, midomo nayo huzimwa. Stering, yaani mhusika mkuu, ananyemelewa kwa nyuma, adui anaonekana na ukumbi mzima, na hakuna hata mmoja anayemwambia ageuke! Watu 60 wenye akili zao timamu wanamwacha mwenzao auawe hivi hivi, kwa adabu. Picha ikiisha, kila mmoja huchukua kikaratasi chenye tarakimu 1 hadi 5, hukichana penye alama anayoona inafaa, kisha hukitumbukiza kwenye kisanduku mlangoni. Kura hizo huhesabiwa usiku uo huo na hakuna anayekwenda mahakamani. Baada ya hapo ni chai, biskuti na mjadala, na ndipo mtagundua kwamba walikuwa na maneno wakati wote.

Barua hii naiandika kuwatetea, ingawa hamkuajiri wakili. Wenzetu wengi wakishafika huku na kukalia viti hivi mara mbili, huanza kuona haya kwa ajili ya kibanda: oh, sisi kwetu ni kelele tupu, mtu mmoja ameshika maikrofoni anafunika sauti ya filamu, watu wanashangilia, wanatukana, wanatabiri. Mimi nasema kibanda cha Kondele ni chama cha filamu kamili, tena cha ukoo wa zamani kuliko huu wa biskuti. Tofauti ni saa ya mjadala. Huku huzungumza picha ikishakufa. Ninyi huzungumza nayo ingali hai. Hayo mengine, yaani katiba na mweka hazina, ni mapambo.

Tuanze na huyo mwenye maikrofoni, maana ndiye anayeshtakiwa zaidi. DJ Afro hahitaji kutambulishwa kwenu. Anaichukua picha ya Wachina, Wahindi au Wamarekani, anaisimulia kwa Kiswahili kilichotiwa Sheng, anakuwa stering, adui, mama wa stering na mbwa wa adui, wote kwa koo moja. Ng'ambo ya mpaka Waganda wana VJ Jingo na wenzake, na Watanzania walikuwa na Lufufu. Watu husema huu ni ugonjwa wetu wa Afrika Mashariki, dawa ya wasiojua Kiingereza. Lakini Wajapani walikuwa na DJ wao tangu sinema ilipoingia kwao miaka ya 1890. Walimwita benshi. Alisimama kando ya pazia, picha zikiwa bado mabubu, akasimulia, akaigiza sauti, akatoa maoni yake, na watu walilipa kiingilio kwa kumfuata yeye kuliko kumfuata mwigizaji. Kufikia mwaka 1927 walikuwa zaidi ya 6,800. Filamu za sauti zilipoanza kuwanyang'anya kazi, waligoma. Mmoja wa walioongoza mgomo alikuwa Heigo Kurosawa, ambaye ndiye aliyemfundisha mdogo wake Akira kuzipenda filamu. Heigo alijiua mwaka 1933. Akira naye akaja kuongoza Seven Samurai, mwaka 1954, na hiyo ni miongoni mwa filamu ambazo vyama vya huku huzitazama kwa unyenyekevu wa ibada. Kwa hiyo wanakaa kimya kama maji ya mtungi, wanaabudu kazi ya kijana aliyelelewa na DJ. Hilo sijaliona kwenye karatasi zao za maelezo.

Hata asili ya hivi viti vya kukunja si ya heshima kama mnavyodhani. Chama kilichozaa vyama vingi vya namna hii, Film Society ya London, kilianzishwa mwaka 1925, na miongoni mwa wanachama wake wa mwanzo walikuwa waandishi H. G. Wells na George Bernard Shaw. Walikutana Jumapili alasiri, na faida mojawapo ya kuitwa chama cha wanachama ilikuwa kwamba waliweza kutazama vitu ambavyo mwananchi wa kawaida alikatazwa. Battleship Potemkin, ile filamu ya Sergei Eisenstein kuhusu mabaharia wa Urusi walioasi, ilipigwa marufuku Uingereza mwaka 1926 na haikufunguliwa hadi 1954. Wao waliionyesha Novemba 1929. Maana yake ni kwamba mababu wa hawa wastaarabu walijifungia mahali siku ya Jumapili wakitazama mzigo ambao serikali haikuutaka. Mtu wa mtaa wetu wa Obunga akifanya hivyo, askari hubeba televisheni.

Lakini ushahidi wangu mkubwa ni kuku. Wakati wa ukoloni, sinema ilifika kwetu ikiwa mwalimu wa afya na kilimo. Mwaka 1935 lilianzishwa jaribio kubwa pale Vugiri, kwenye milima ya Usambara, likiongozwa na Meja Notcutt. Walipiga filamu za kufundisha, maelezo yakawekwa kwenye santuri kwa Kiswahili na lugha nyingine, na lori likazizungusha Afrika Mashariki. Baadaye ikaja idara nzima ya filamu za makoloni, na magari yake yalikuwa na msimulizi aliyewaeleza watu kinachoendelea. (Naam, serikali ya mkoloni ilikuwa na DJ, tena wa mshahara.) Imani ya wakubwa hao ilikuwa kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha za haraka, basi apewe za polepole, jambo moja moja, bila ujanja. Sasa kuna kisa ambacho mwalimu mmoja wa London, John Wilson, alikichapisha mwaka 1961, na mtaalamu wa mawasiliano Marshall McLuhan akakieneza duniani mwaka uliofuata. Watu kama 30 wa kijiji fulani barani Afrika walionyeshwa filamu ya dakika tano hivi, ya kufundisha kuondoa maji yaliyotuama. Polepole, kwa upole, kama mtoto anayelishwa uji. Walipoulizwa wameona nini, walijibu: tumeona kuku. Wenye filamu wakashangaa, maana hawakujua kama kuna kuku. Wakairudisha, wakaipitia picha moja moja, na kweli, kwa sekunde moja hivi, kuku alikuwa ameshtuka akakatiza kwenye kona.

Wataalamu wakahitimisha kwamba watu hawa hawajajifunza kutazama filamu. Hebu nisaidieni hesabu hii. Kuna upande uliopiga filamu, ukaikata, ukaibeba mpaka kijijini, ukaionyesha, na katika muda huo wote haukumwona kuku. Kuna upande ulioitazama mara moja ukamwona. Nani hajajifunza kutazama? Ukitaka kusifiwa kwenye mjadala wa chai na biskuti huku, sema umeona saa ya ukutani ambayo ilionyesha saa nne, kisha kamera iliporudi ikawa saa tatu. Utaitwa mtazamaji makini, utaombwa uingie kamati. Yaani huku kumwona kuku ni elimu, kwetu kulikuwa ni ushahidi wa ujinga.

Nitoe mfano ulio karibu na ziwa letu. The African Queen ya John Huston, ya mwaka 1951, haikosekani kwenye orodha za vyama hivi. Sehemu kubwa ilipigwa Uganda na Kongo; Humphrey Bogart anaendesha kimashua cha mvuke kilichochakaa, Katharine Hepburn ni dada wa mmishonari, nao wanateremka mto kwenda kuizamisha meli ya Wajerumani ziwani. Kimashua chenyewe kilitengenezwa Uingereza mwaka 1912 na kilifanya kazi ya kweli Ziwa Albert kabla ya kuwa maarufu. Pana mahali mashua inakwama kwenye matete. Bogart anashuka majini, anaiburuta kwa kamba begani, anatoka mwili umejaa ruba, anatetemeka kwa kinyaa, halafu inambidi ashuke tena kwenye maji yale yale. Wanakata tamaa, wanalala kungoja kifo. Kamera inapanda juu taratibu na kutuonyesha kwamba ziwa liko pale pale, hatua chache mbele yao. Huku, mahali hapo husikii hata pumzi. Kisumu, jodala, pangekuwa na bunge. Watu walioona gugumaji likifunga bandari yao mwishoni mwa miaka ya 1990, meli na ngalawa zimenaswa kama nzi kwenye asali, wangemwambia Bogart asivute upande huo, angoje upepo ugeuke. Wangemwambia yule dada apunguze kusali na ashike kasia. Na nadhani mvuvi wa Dunga angeyatilia shaka yale maji. Karatasi ya maelezo ndiyo huwafunulia watazamaji wa huku kwamba waigizaji walipoingia majini walikuwa kwenye tangi la studio London, kwa kuogopa kichocho na mengineyo. Mtu aliyezaliwa kando ya ziwa huhitaji karatasi ya nini?

Najua mtakavyonipinga, hasa walimu wastaafu wa Milimani. Mtasema msimulizi anaharibu kazi ya mwenyewe: mwongozaji alitaka kimya, DJ anatia mzaha, mwigizaji ameandikiwa maneno mazito, DJ anamwekea habari za fare ya boda boda. Ni kweli, na kuna filamu ambazo hilo huziua kabisa. Filamu inayotegemea uso wa mama anayesubiri barua haitaki mtu wa kutangaza kwamba mama anasubiri barua. Hapo nawapa ushindi. Ila msisahau kwamba maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya picha nayo hufunika, hufupisha na hudanganya, na hayachekeshi. Pili mtasema vibanda huonyesha nakala za wizi. Hilo silitetei, aliyetoa jasho alipwe, na chama cha huku kikitaka kuonyesha filamu hununua kwanza haki ya kuionyesha. Tatu, watoto wanatoroka shule wakajibanze gizani kwenye filamu za damu. Hilo nalo ni kosa la mwenye mlango, na dawa yake ni mlango.

Pingamizi lililo na uzito ni la nne: kwamba kibanda hakijui filamu za kale zenye thamani, ni makonde tu. Sikubaliani nalo. Enter the Dragon ya Bruce Lee ilitoka mwaka 1973, na huku imeshapanda cheo, watu wenye mvi huijadili kama maandiko. Vibanda viliionyesha miaka na miaka bila kusubiri iwe na mvi. Sholay ya 1975 ina zaidi ya saa tatu, na kuna mtu Nyalenda anayeweza kuieleza yote kwa mpangilio bila kujua neno la Kihindi. Tena kuna filamu ambayo ni ya kwetu kuliko ya mtu yeyote: Rise and Fall of Idi Amin, ya Sharad Patel, ya mwaka 1981. Dikteta yule aliyeitisha dunia alichezwa na Joseph Olita, mtu wa Siaya, na alimwigiza sawasawa hata miaka 10 baadaye mwongozaji Mira Nair akamrudisha kwenye nafasi hiyo hiyo katika Mississippi Masala. Olita alifariki mwaka 2014. Mwigizaji Lupita Nyong'o tunamshangilia, na anastahili, lakini huyu jirani aliyemvaa Amin kama koti la kushonewa hatujamwekea hata jioni moja ya kumtazama tukiulizana alivyofanya.

Hapo ndipo nakiri upungufu wa kibanda. Picha ikiisha, mlango unafunguliwa, kundi jingine linasukumana kuingia, mjadala unakatikia barabarani. Lakini Kisumu ina watu wanaosimama juani kutwa nzima kwenye bunge la wananchi wakichambua hotuba ya dakika kumi, neno kwa neno, na kila mmoja ana ushahidi mfukoni. Watu hao wakipewa filamu ya Olita, wakapewa DJ anayejua kunyamaza panapobidi, na baada yake nusu saa kabla ya mechi ya Uingereza kuanza, sioni watakachokosa ila biskuti. Jaribuni hata mara moja kwa mwezi. Vikaratasi vya kuchana sivipendekezi. Kura za Kisumu nazijua.

Na mkiionyesha ile ya Bogart, niandikieni mliona nini pembeni mwa picha. Kuna wazee wawili wa kamati ya hapa wanaodai wameimaliza, hakuna kisichojulikana ndani yake. Omena, wale dagaa wetu, mkinitumia, zifungeni mara tatu. Ukumbi wenyewe ni mdogo, na huku mtu akisikia harufu hasemi kitu mpaka taa ziwashwe.

Wenu wa ughaibuni