Utukufu wa Stesheni Wagoni ya Dizeli

Mjini kila gari lina mshabiki wake. Wapo wanaoisifu IST kwa kujipenyeza kwenye foleni, wapo wanaoiapia Vitz kwamba petroli inainusa tu, haiinywi, na wapo vijana waliobandika Crown ukutani mahali ambapo wazazi wao walibandika kalenda. Sijasikia hata mmoja akisimama hadharani kuitetea stesheni wagoni ya dizeli ya mkono wa pili: ile ndefu ya nyuma, ya namba A, ambayo dalali huitaja bei yake kwa sauti ya chini huku akiangalia pembeni. Mimi nimeishi nayo. Nimekwenda nayo kazini na kurudi, mara nyingine hata siku ileile. Leo naisimamia. Najua mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini langu linamaliza maji ya rejeta bila kusifiwa, kwa hiyo sioni hatari mpya.

Ukoo wake si wa kubahatisha. Babu mwenyewe, Mjerumani Rudolf Diesel, alipewa hataza ya injini yake mwaka 1893, na usiku wa tarehe 29 Septemba 1913 akatoweka melini akivuka kwenda Uingereza. Wanahistoria wanabishana hadi leo kuhusu kilichomkuta. Sisi wenye injini zake kuukuu hatubishani, tunamwelewa. Kwa upande wa huku kwetu, wazee wanaikumbuka Peugeot 504 ya safu tatu za viti, iliyobeba familia, kuku na mahari kwa safari moja. Ndugu yake mkubwa, 404, ndiyo aliyoiendesha Bert Shankland, dereva aliyeishi Dar es Salaam, aliposhinda mashindano ya Safari mwaka 1966 na tena 1967. Ile ilikuwa ya petroli na haikuwa na buti la kutajika, lakini ukoo ni ukoo.

Kisha likaja tawi la Japani. Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, alisimama mbele ya waandishi wa habari akitikisa chupa ya plastiki yenye masizi meusi ya dizeli, akatangaza vita. Kanuni za jiji zikaanza kubana Oktoba 2003, na sheria ya taifa nayo ikayafungia magari ya dizeli ya zamani milango ya miji mikubwa. Magari mazima, yanayotembea, yakakosa pa kuishi. Sisi ni watu wakarimu, tuliwapokea wakimbizi wale bandarini Dar es Salaam na Mombasa bila kuwauliza walichofanya. Kila asubuhi nikiwasha langu, ile chupa ya gavana naijaza upya bila malipo.

Kulichagua gari hili ni elimu inayoshinda vyuo. Kanuni ya kwanza: nenda kulitazama alfajiri, bila kutoa taarifa, na kabla ya salamu weka kiganja juu ya boneti. Ukikuta joto, muuzaji ameshaliwasha ukiwa bado kwenye daladala, maana dizeli ikiwa ya baridi haina siri. Haina plagi za cheche za kuibembeleza. Inategemea hewa iliyobanwa ndani ya silinda, na injini iliyochoka hujieleza yenyewe kwa moshi. Moshi mweupe usiokoma ni plagi za hita au mbano uliokwisha. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi ni nozeli, au hewa kidogo. Dalali ana maelezo mamoja kwa rangi zote tatu: "Dizeli zote ziko hivyo, bosi." Fungua kifuniko cha oili injini ikinguruma: ikikupumulia usoni, dizeli zote ziko hivyo. Tazama maji ya rejeta: yakitoa mapovu, pengine silinda hedi imeshapata ufa, ugonjwa ambao mafundi wanaujua sana kwa injini za 2C zikichemka, na dizeli zote ziko hivyo. Dashibodi inasema kilomita elfu themanini, lakini raba ya pedali ya breki imelika hadi chuma. Hapo hata dalali hunyamaza, kisha hukuuliza kama umeshakunywa chai.

Fadhila ndogondogo nazipitia haraka. Halihitaji honi; mtaa wa pili wanajua umewasha. Taa ya hita, ile ya rangi ya chungwa unayoingoja izimike kabla ya kupiga stata, imenirudisha kwenye dua nilizozisahau tangu madrasa. Linakulinda na askari wa tochi, kwa sababu mwendo unaoadhibiwa halijawahi kuukaribia. Ni mkaguzi wa mafuta asiyepokea bahasha. Mwaka 2011 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa hadi ikawa hasara kuyachanganya na dizeli. Lakini maji bado ni ya bei nafuu, na sheli ikiuza dizeli yenye maji, gari langu hutoa ripoti kabla hatujafika taa za barabarani.

Lakini fadhila kuu, ile inayozimeza nyingine zote, ni buti.

Mwenye gari la saluni ana marafiki. Mwenye stesheni wagoni ana ukoo. Kabla sijalinunua nilijiona mtu wa familia ya kawaida. Siku lilipoegeshwa nje, damu ikaanza kugundulika. Alijitokeza mtoto wa mdogo wake shemeji wa mjomba, na kwa heshima akaniita baba mdogo, akiwa na kabati. Kamati za harusi hunichagua mwenyekiti wa usafiri katika vikao ambavyo sikualikwa. Nimebeba masufuria ya shughuli, kreti za soda, magunia ya mkaa, godoro la sita kwa sita, spika za DJ na DJ mwenyewe juu ya spika zake. Nimebeba mbuzi hai kwenda kwenye mahari na mbuzi mkavu kurudi. Ukilaza viti vya nyuma, jeneza la mtu mzima linaingia, mradi mlango wa nyuma ufungwe kwa kamba na marehemu asiwe mrefu kupita kiasi.

Chini ya zulia la buti hilo imelala historia ya taifa kwa matabaka. Tabaka la juu ni vumbi la dhahabu la mapambo ya harusi. Chini yake ni magamba ya samaki wa Feri, ya ile Jumamosi mama mkwe aliposema anachukua "wawili watatu tu". Chini zaidi ni mkaa, kisha manyoya, kisha kitu ambacho fundi alikigusa kwa bisibisi akakataa kuendelea. Mwanaakiolojia mwenye subira angeweza kutaja tarehe za misiba yetu yote bila kusoma daftari la rambirambi. Masika yaliyopita mahindi yaliota kando ya tairi la akiba. Sikuyang'oa. Niliyamwagilia, nikaanza kuwaza kuomba mbolea ya ruzuku, na jirani akaniuliza kwa uzito kabisa kama sehemu ile imeshapimwa. Nchi nyingine huweka tai na simba kwenye nembo zao. Sisi tungeweka buti lililofunguka, na chini yake tuandike: Kuna nafasi.

Kwa kweli nafasi haijai. Nimelala nikitafakari jambo hili. Chumba hujaa, kaburi hujaa, basi la mwendokasi hujaa na kupitiliza, lakini sijamwona Mtanzania aliyelitazama buti la stesheni wagoni akasema limejaa. Huinama, hukodoa macho, husukuma mbuzi kidogo kwa goti, kisha humwita shangazi.

Na mafuta?

Hapo ndipo kila mtu huangalia dirishani. "Si dizeli hiyo," husema. "Dizeli haili." Dizeli haili! Shemeji, nisikilize vizuri. Ni kweli lita ya dizeli ina nguvu kuliko ya petroli, na ni kweli injini yake haina fujo ya ulafi. Lakini haiendeshwi kwa maombi. EWURA, mamlaka inayodhibiti mafuta, hutangaza bei kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na mwaka 2022 dizeli iliipita petroli mchana kweupe, watu wote wakisoma. Unajua Simba ina pointi ngapi, Yanga ina pointi ngapi, na nani amefunga kwa penalti isiyo halali. Bei ya dizeli ndiyo habari ambayo haijakufikia? Tangu mwaka 2017 hata ile ada ya mwaka ya leseni ya gari imefutwa na kuingizwa kwenye bei ya mafuta. Kila ninapokupeleka Mbagala nalipia barabara ya kukupeleka, na wewe unashusha godoro lako unaniambia Mungu atanilipa. Atanilipa, ndiyo. Sheli hawampokei kwa ankara.

Tuendelee na sifa.

Gari hili ni idara ya afya. Simu ya saa nane usiku haimtafuti mwenye Crown. Binti wa nyumba ya nne ameshikwa na uchungu, na gari la wagonjwa la kituo chetu, nasikia, lipo. Lipo kabisa. Halina mafuta, au dereva yuko semina, au limempeleka mtu kufuatilia jambo. Upo mfumo mzuri wa m-mama, unaopigiwa namba 115, ambao gari la wagonjwa likikosekana huita dereva wa jamii ampeleke mjamzito, na dereva hulipwa. Mtaani kwetu wameuchukua mfumo huo wote isipokuwa sehemu ya kulipwa. Tunangoja taa ya hita izimike, binti akipiga kelele na mimi nikisoma dua, kisha tunaondoka.

Na ni kwenye safari hizo, nikiwa nimesimamishwa kando kwa king'ora, ndipo nilipomtambua ndugu halisi wa gari langu. Gari refu la nyuma, la dizeli, milango mitano. Kwa umbo na kwa mafuta, shangingi ni stesheni wagoni ya dizeli iliyopata cheo. Land Cruiser ya mfululizo wa 200, iliyotoka mwaka 2007, ilikuja hata na injini ya dizeli ya silinda nane, lita 4.5, turbo mbili. Kama langu, lina safu tatu za viti ukitaka. Ndani yake, nyuma ya dereva, ameketi mtu mmoja. Kwenye buti kuna katoni ya maji ya chupa na koti la suti lililotundikwa.

Hilo ndilo buti ambalo sijawahi kuona likipakiwa sufuria. Utaliona limeegeshwa nje ya ukumbi wa semina ya kubana matumizi, injini ikinguruma kutwa ili dereva alale kwenye ubaridi. Namba yake inaweza kuanza na STK, SU au SM. Kwa vyovyote anayejaza tangi ni mimi, wewe na shemeji asiyejua bei. Juni 2022, Waziri wa Fedha Mwigulu Nchemba aliliambia Bunge kwamba magari ya serikali yanakula mamia ya mabilioni ya shilingi kwa mwaka, kuyanunua, kuyajaza mafuta na kuyatengeneza, akapendekeza maofisa wakopeshwe magari yao wenyewe. Bunge lilipiga makofi. Nje, injini ziliendelea kunguruma.

Nenda kwenye msiba wowote ukajionee. Langu limetangulia tangu jana, limebeba jeneza, turubai, mchele na akina mama wa kukesha. Saa saba mchana shangingi linafika na mtoto wa ukoo mwenye cheo, peke yake. Watu wanasogeza viti. Mshereheshaji anamshukuru mheshimiwa kwa kuacha majukumu mazito ya taifa. Wakati wa kuondoka hakuna mzee anayethubutu kumwomba ampeleke hata stendi, kwa sababu lile, wanaelezana kwa adabu, ni gari la serikali. Kisha wote wanageuka kulitazama langu.

Hili halijanitoka kichwani. Gari nililolinunua kwa jasho langu, kwa kadi yenye jina langu, ni la umma. Gari lililonunuliwa kwa kodi ya umma ni la mtu mmoja. Sheria inasema kinyume, lakini uliza buti. Na wanaolinda mpangilio huo si waheshimiwa peke yao. Ni sisi tunaoona haya kumwomba mwenye cheo nafasi tuliyomlipia, na hatuoni haya kumwomba mwenye namba A nafasi ambayo hana. Siku tutakapopakia mbuzi mmoja, mmoja tu, kwenye shangingi, nchi hii itakuwa imebadilika kuliko kwa hotuba zote za bajeti.

Mpaka siku hiyo, mimi nimeshasifu vya kutosha. Gari linauzwa. Stesheni wagoni, dizeli, namba A, viti vya nyuma vinalala, keria ipo, silinda hedi imeshachongwa na fundi anayeaminika kwa kiasi, mahindi yanakwenda na gari. Kipaumbele kitatolewa kwa mheshimiwa yeyote atakayekubali tubadilishane kwa mwezi mmoja: yeye achukue langu pamoja na ukoo wote, mimi nichukue lake pamoja na koti. King'ora hatakihitaji, moshi wenyewe unafungua njia. Bei inazungumzika. Mafuta ajaze mwenyewe.