Barua ya wazi kwa EPRA na ERA: Naomba kusajiliwa kama bidhaa

Kwa Wakurugenzi Wakuu,
Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA), Nairobi, na Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme (ERA), Kampala.

Nakala: Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, Tume ya Mawasiliano ya Uganda, Sekretarieti ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Arusha, na kinyozi wangu wa Marachi, ambaye huenda akawa wa kwanza kujibu.

KUH: OMBI LA FUNDI WA STIMA KUHAMISHWA KUTOKA ORODHA YA WATU HADI ORODHA YA BIDHAA

Waheshimiwa,

Mimi ni fundi wa stima na kebo za data hapa Busia. Mkiuliza Busia ipi, mmeshaanza kunisumbua. Ziko mbili, ya Kenya na ya Uganda, na zimekaribiana kiasi kwamba mtu akikaanga samaki huku, wa kule anajua kama mafuta yamerudiwa. Wateja wangu wako pande zote mbili. Leseni yangu iko upande mmoja.

Nimezisoma kanuni zenu, za Nairobi na za Kampala, kwa uvumilivu ambao hata wake za mafundi hawana, na nimegundua kwamba tatizo langu si ujuzi. Tatizo langu ni kwamba mimi ni binadamu. Ningekuwa bidhaa, mambo yangu yangeenda sawa.

Tazameni kebo. Kebo ina namba yake ya forodha, 8544, na faiba imewekwa humo humo na nyaya za shaba, ndugu wa baba mmoja. Kila afisa wa forodha anaijua. Isitoshe, Jumuiya imeweka utaratibu rahisi kwa wachuuzi wadogo: mzigo usiozidi dola 2,000, ukiwa kwenye orodha iliyokubaliwa na umetoka ndani ya Jumuiya, hupewa cheti rahisi cha asili pale pale mpakani, ukapita. Basi nitazameni na mimi. Baba yangu Mkhayo wa Matayos, mama Mteso wa upande wa Tororo. Nimelelewa kwa omena wa ziwa na ugali wa wimbi. Sina kipuri hata kimoja kutoka nje. Na thamani yangu, hata mkijumlisha buti na ngazi, haifiki dola 2,000. Kama kuna kiumbe anayestahili cheti cha asili, ni mimi.

Nilifikiri kwanza niombe kuwa mhandisi. Wahandisi wa Kenya, Uganda na Tanzania walitiliana saini mkataba wa kutambuana 2012, chini ya Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika Julai 2010. Wahasibu wana wao. Wasanifu majengo wana wao. Hata madaktari wa mifugo wana wao. Maana yake, angalau kwenye karatasi, daktari wa Busia anaweza kutambuliwa akivuka kumtibu ng'ombe wa Tororo. Mimi niliyeitwa kufunga taa kwenye zizi la ng'ombe huyo huyo ndiye mhalifu. Simwonei ng'ombe wivu. Nauliza tu.

Tena mimi kama mtu navuka vizuri sana. Tangu 2014 kitambulisho cha taifa kinatosha kwa Mkenya, Mganda na Mnyarwanda. Na tangu Februari 2018, Rais Kenyatta na Rais Museveni walipokuja kufungua kituo cha pamoja cha mpaka hapa kwetu, ninashughulikiwa na nchi zote mbili ndani ya jengo moja. Afisa huangalia kitambulisho, hutabasamu, hunipisha. Halafu macho yake hutua kwenye mfuko wa vifaa. Drili, koleo, tesita, na, Mungu anisamehe, mashine ya kuunga faiba, ambayo kwa mtu asiyeijua hufanana na kitu cha kulipua benki. Hapo ndipo tabasamu hukatika. Kitambulisho changu ni cha Afrika Mashariki, lakini mikono bado ni ya Kaunti ya Busia.

Sasa niwakumbushe kitu mnachokijua kuliko mimi. Stima yenyewe haikuwahi kusubiri ruhusa ya namna hii. Malkia Elizabeth alifungua bwawa la Owen Falls kule Jinja mwaka 1954, na mwaka huo huo ikaundwa kampuni ya Kenya yenye kazi moja tu: kujenga njia ya umeme kati ya Nairobi na Tororo. Tororo, waheshimiwa! Mji wa mwamba na kiwanda cha simenti ndio uliokuwa mlango wa stima ya Nairobi. Mkataba wa 1955 uliahidi megawati 30 kwa miaka 50, na 1958 umeme wa Jinja ukaanza kusafiri juu ya nyaya za kilovolti 132, kupita Tororo na Lessos hadi Juja. Hakukuwa na Uganda huru, hakukuwa na Kenya huru, wala Jumuiya ya Arusha. Elektroni zilivuka. Zinavuka hadi leo, huku na huku kadiri ya mahitaji, na siku hizi zimejengewa hata njia nyingine kutoka Lessos, yenye nguzo za kubeba kilovolti 400. Hakuna aliyewahi kuisimamisha elektroni Malaba na kuiuliza iko daraja gani.

Na daraja ndilo jambo linalonikosesha usingizi. Nairobi mmetupanga C-2, C-1, B, A-2 na A-1. Kampala mmewapanga A, B, C na D. Nimekaa na karatasi hizi mbili nikijaribu kuzilinganisha, na kila ninapoanza kuelewa stima hupotea. Je, C-1 wa Busia akivuka hatua chache anageuka kuwa C? Ile 1 inabaki forodha? Na D wa Tororo akija Bumala atapewa herufi gani, kwa sababu huku alfabeti yetu inaishia C? Ukipeleka cheti chako cha majaribio ya ufundi cha NITA, ile mamlaka ya Kenya inayotupima Gredi ya 3 hadi ya 1, jihadhari usikipeleke NITA ya Uganda. Ile iliundwa kwa sheria ya 2009 kusimamia teknolojia ya habari. Watakusikiliza kwa heshima na kukuuliza unataka intaneti ya kasi gani.

Kwa sisi wa kebo za data, mzigo ni mara mbili. Kenya inataka leseni ya pili kutoka Mamlaka ya Mawasiliano, kwa fundi na kwa mkandarasi. Kwa hivyo nikiwa juu ya ngazi katika ofisi moja hapa Burumba, nyaya za stima kushoto na za kompyuta kulia, mimi ni watu wawili. Kanuni za kazi zinasema aina hizo mbili za nyaya zisilazwe pamoja, zitaingiliana. Naona mmezingatia hilo hata kwenye leseni. Nikivuka, natakiwa kuwa watu wanne.

Mtasema: fundi, haya yote ni kwa usalama. Na hapo sina ubishi, maana usalama naujua kwa kunusa. Niwape mfano mmoja.

Uingereza, ambako tulirithi kanuni za kutandaza nyaya, ilibadilisha rangi 2004, na kufikia Aprili 2006 zile za zamani hazikuruhusiwa tena kwenye kazi mpya. Zamani fezi tatu zilikuwa nyekundu, manjano na buluu, na nyeusi ndiyo nyutro. Siku hizi fezi ni kahawia, nyeusi na kijivu, na nyutro ni buluu. Someni tena polepole: nyeusi iliyokuwa nyutro sasa ni fezi, na buluu iliyokuwa fezi sasa ni nyutro. Madukani kwetu roli za rangi zote bado zinakaa rafu moja, na ndani ya kuta zimeoana kabisa.

Upande wa Uganda, si mbali na mtaa wa Sofia, kuna mama mwenye kinu cha kusaga, na duka la soda limeegemea ukuta wa kinu. Kinu ni cha zamani, kina rangi za zamani. Akaja kijana aliyejifunza rangi mpya peke yake, akataka kulipatia duka stima kutoka kwenye kinu. Akachukua nyekundu kama fezi, hapo yuko sawa. Akachukua buluu kama nyutro. Kati ya fezi na nyutro kwetu huku ni volti 240. Kati ya fezi na fezi ni 415. Taa ziling'aa kama harusi kwa muda wa mtu kusema “ah”, zikapasuka. Friji ya soda ikaanza kutoa moshi kupitia nyuma, moshi wa plastiki ule unaokaa kooni siku mbili. Mama akanipigia: “Fundi mwanangu, njoo, nyumba inalia.” Mwenye kibali cha kazi ile alikuwa Mbale na simu yake imezimwa. Mimi nilikuwa dakika kumi kwa bodaboda, najua rangi zote mbili, na sikuruhusiwa kugusa hata skrubu. Nilichofanya baada ya hapo sitakiandika, kwa kuwa barua hii ni ya wazi.

Hicho ndicho kanuni zenu zinachozaa huku chini. Kazi haisimami kwa kuwa fundi halali hawezi kuvuka. Kazi inafanywa na yule asiye na leseni upande wowote, kwa sababu yeye hana cha kupoteza. Halafu unatafutwa muhuri. Mihuri ipo, ndugu zangu, inakodishwa. Kuna majina hapa mpakani yaliyotia saini nyumba nyingi kuliko alizowahi kuingia mwenye jina. Karatasi inaonyesha kazi imekaguliwa, ofisini inaingia faili safi, na buluu iko ukutani inasubiri.

Wakati huo huo kuna mtaalamu mmoja wa nyaya ambaye mpaka haujawahi kumsumbua: mwizi. Yeye hupanda nguzo usiku bila C-1 wala D, hukata shaba kwa ustadi ambao ningempa Gredi ya 1 bila mtihani, na mzigo wake unajua njia za panya zote. Januari 2022 nguzo za njia ya umeme ya Kiambere zilipoanguka na Kenya ikaingia gizani, serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu. Kufikia Mei marufuku ikaondolewa. Miezi hiyo yote sikusikia mtu akiuliza kama wezi wana kibali cha kufanya kazi nchi jirani.

Sauti nazo zimetushinda. Tangu Uganda ilipojiunga na mtandao mmoja wa simu na Kenya na Rwanda mwanzoni mwa 2015, bei ya kupiga simu ng'ambo ya mpaka iliwekewa kikomo. Mteja wa Tororo ananipigia kwa bei nafuu kuniambia kwamba sina ruhusa ya kuja. Na intaneti yake inatoka baharini Mombasa, inapita kwetu ndani ya faiba na kuvukia hapa hapa mpakani. Tarehe 12 Mei 2024, kebo za EASSy na SEACOM zilipokatika chini ya bahari, Busia zote mbili zilikwama pamoja bila ubaguzi.

Msidhani siheshimu mabadiliko. Nyinyi wa Nairobi mlianza mkiitwa ERB chini ya sheria ya 1997, mkawa ERC 2007, mkawa EPRA 2019, na hakuna aliyewaambia mrudi mkafanye mtihani. Kampala nako, usiku wa 31 Machi kuamkia 1 Aprili 2025, usambazaji karibu wote wa stima ulitoka mikononi mwa kampuni ya Umeme baada ya miaka 20 ukarudi kwa kampuni ya serikali, UEDCL. Nguzo, transfoma, mita, wateja, vyote vilihama wakati watu wamelala, na asubuhi stima ilikuwepo, japo ilikuwa Siku ya Wajinga. Ikiwa hayo yanawezekana, kuhamisha jina la fundi mmoja kutoka rejista moja hadi nyingine kusiwatoe jasho.

Kwa hivyo ombi langu la kwanza ni namba ya forodha. Mkiona ugumu, nina mapendekezo mengine. Mnaweza kukata kila kebo inayovuka mpaka katikati kabisa, fundi wa Kenya akashika ncha moja na wa Uganda nyingine, wakazigusanisha kwa mkono huku mawaziri wakipiga makofi. Au mniwekee ngazi yenye miguu miwili kila nchi, nami nitahakikisha ninakaza skrubu kwa mkono wa upande husika.

La mwisho ni la kawaida mno, naona haya kulitaja. Kaeni meza moja. Kubalianeni C-1 ni nani Kampala na D ni nani Nairobi. Mtihani uwe mmoja, na ndani yake muweke buluu ya zamani na buluu ya sasa. Rejista iwe moja, mama wa kinu aweze kuifungua kwenye simu aone huyu kijana ni fundi au ni mpita njia mwenye koleo. Atakayekodisha muhuri afutwe pande zote mbili siku moja. Jengo la mkutano lipo, lile la 2018, na soketi zake zinafanya kazi, nimeziona.

Simu yangu mnayo. Iko kwenye rejista ya upande mmoja; kwenye ile nyingine, tafadhali acheni nafasi ya mstari mmoja.

Wenu mtiifu, kwa kadiri ya daraja langu,

Fundi wa stima na kebo,
Busia