Matanga ya Sukuma Wiki

Naishi Dallas. Usishtuke, ni mtaa wa hapa Embu mjini na hauhitaji viza. Kwenye Dallas ile nyingine ya Texas nina binamu, na kila Julai hunipigia simu akililalamikia joto, wakati mimi nimejikunyata ndani ya sweta mbili nikingoja manyunyu yaishe. Jua letu huja Januari likakaa hadi Machi. Kwa vile Embu haifiki hata digrii moja kutoka ikweta, Machi hiyo linapita juu ya utosi kabisa. Saa sita mchana mtu hukanyaga kivuli chake mwenyewe.

Mwaka wa 2024 lilizidi. Ndiyo Machi ambayo Sudan Kusini walifunga shule kwa sababu ya joto. Sisi hatukufika huko, ila nyuma ya nyumba nilikuwa na mashina 40 ya sukuma wiki, na hayo hayakuwa na mahali pa kukimbilia.

Nilianza kwa huruma. Nikiyaona yamelegea saa saba mchana kama masikio ya mbuzi mgonjwa, nilitoka na kopo nikayanyunyizia. Maji yalikauka kabla sijarudi jikoni. Kisha mfereji nao ukakauka, nikawa nanunua maji kwa mwenye mkokoteni, mtungi wa lita 20 kwa shilingi 20. Mitungi mitatu kwa siku. Sokoni fungu la sukuma lilikuwa shilingi 20 hizo hizo, yaani kila siku nilinywesha mboga mafungu matatu ya mboga. Jina lenyewe linasema: mboga hii humsaidia mtu kuisukuma wiki hadi mshahara ufike. Mimi ndiye niliyekuwa nikiisukuma sukuma.

Muuzaji wa agroveti akanishauri nitandaze nyasi kavu ili udongo uhifadhi unyevu. Ushauri ni mzuri, sina ugomvi nao. Ila mchwa wa mtaa walielewa kwamba wamealikwa. Walimaliza nyasi kwa siku mbili, wakaona si adabu kuondoka mapema, wakaingia kwenye mashina. Yakabaki 29.

Hapo ndipo nilipofikiria kivuli. Nilikuwa na turubai kubwa la buluu. Ardhi ilikuwa ngumu kama saruji, haichimbiki mashimo ya nguzo, kwa hiyo nikaazima viti vya plastiki kanisani, nikavipanga kuzunguka bustani, nguzo nikazifunga kwenye viti.

Msomaji wa Embu amekwisha kuelewa. Turubai na viti uani vina maana moja tu.

Saa kumi walifika akina mama watatu wakiwa na sukari kilo mbili, majani ya chai na maziwa. Wakamkumbatia mke wangu bila kusema neno. Yeye, akidhani nimemficha habari, akaangua kilio. Walipomwona analia wakajua kumbe ni kweli, wakalia naye. Nilitoka chini ya turubai na kopo langu mkononi, mzee mmoja akanishika bega: "Pole sana, baba. Ilikuwaje?"

Nikamjibu, "Ni jua na mchwa tu, mzee. Vimemaliza 11."

Kufikia saa kumi na moja kikundi cha WhatsApp kilikuwa kimefunguliwa: "Matanga ya Mama wa Siakago". Mama mkwe, ambaye kwake ni Siakago huko Mbeere, alikuwa na shida ya mguu, na mtaa ukaamua kwamba atakuwa ni yeye. Mchango ulifika shilingi 1,840. Chai ikachemshwa.

Saa kumi na mbili mama mkwe akashuka kwenye bodaboda, gunia begani, mguu umepona. Pakawa kimya. Mama mmoja alinyoosha mkono taratibu, akachukua sukari yake.

Kwetu mkwe hamkemei mkwewe. Humkemea binti yake, kwa sauti ya kumfikia mwenye kosa. "Mwanangu," akamwambia mke wangu huku akiangalia turubai, "hii sukuma ni ndugu ya kabichi, inapenda baridi. Iende ikaishi huko juu Manyatta na majani chai. Hapa, kwa jua hili, nani alimtuma mtu kuipanda?" Kisha akafungua gunia. Kunde. Mbegu hizo aliziita M66, aina iliyotoka Katumani, Machakos, ambayo mtu hula majani akingoja punje. Akaonyesha jinsi ya kunyunyizia: alfajiri au jioni, kopo moja kwenye shina, si majani yote kama mtu anayebatiza. Watu wa Mbeere hawabishani na jua, wamelizoea.

Tulipanda kunde mvua ilipoanza kunukia. Aprili, mnakumbuka, ikageuka mafuriko nchi nzima, na lile turubai likaenda na maji. Sukuma zilizoona mwezi huo ni nne. Kunde tulizichuma.

Mweka hazina anasema zile 1,840 ziliisha kwenye chai. Kikundi hakijafungwa. Mama mkwe ndiye msimamizi, na humo ndimo anamouzia kunde, fungu shilingi 30. Jina la kikundi halijabadilishwa.