Ndege Zenye Hasira na Wapenya Kuta

Mchezaji wa gemu ni kiumbe wa ajabu. Wakala wa benki akimwomba kitambulisho, anauliza cha nini. Lakini faili la mtu asiyemjua, anayejiita joka fulani na tarakimu nne mbele, analipokea kwa mikono miwili. Maelekezo yakimtaka azime antivirusi kwanza, anaizima mbio mbio, maana panga linalowaka moto linasubiri. Anadhani modi, yaani nyongeza ya gemu inayotengenezwa na wachezaji wenyewe, ni pambo tu, kumbe nyingi ni programu kamili, na programu uliyoifungua mwenyewe hutembea na ruhusa zako zote: unachoweza kukisoma kwenye kompyuta, nayo inakisoma.

Mei 2015, wiki chache baada ya Grand Theft Auto V kutoka kwa ajili ya kompyuta, modi mbili zilibainika kubeba programu ya kunasa kila kitufe kinachobonyezwa. Ya kwanza, Angry Planes, iliahidi ndege za kumshambulia mchezaji; ya pili, Noclip, ilimwezesha kupenya kuta. Tuwe waungwana: ahadi zote mbili zilitimizwa. Ndege zilishambulia na kuta zikapenyeka, ila aliyepenya hakuwa mchezaji peke yake. Kwa hiyo yule anayejitetea kwamba “mbona inafanya kazi vizuri” hajathibitisha chochote. Mwizi mwenye akili hahitaji kuharibu gemu. Gemu likikwama utaifuta modi yake, na yeye atakosa kazi.

Wapo watakaosema hayo ni ya vichochoroni, wao huchukua kwenye tovuti kubwa. Juni 2023 akaunti kadhaa za CurseForge, soko kubwa la modi za Minecraft, zilidukuliwa, na ndani ya modi ikapachikwa programu iliyokuja kuitwa Fractureiser. Ilichota vidakuzi vya kivinjari na siri za kuingilia Discord na Microsoft. Ukinakili anwani ya pochi ya sarafu za kidijitali, iliibadilisha, nawe ukabandika ya mwizi. Haikutosheka, ikajipachika kwenye mafaili mengine ya jar yaliyokuwemo kwenye kompyuta. Mwanzoni antivirusi nyingi hazikuitambua. Krismasi ya mwaka huohuo ikawa zamu ya Downfall, nyongeza ya gemu la Slay the Spire, tena kupitia duka la gemu la Steam lenyewe.

“Mimi sina cha kuibiwa,” atasema mwingine, na salio lake linamuunga mkono. Lakini kidakuzi humwingiza mwizi kwenye akaunti iliyokwisha kufunguliwa, bila kuulizwa neno la siri. Kesho shangazi anaombwa hela ya dharura kwa jina lako, na kwa kuwa anakupenda, anatuma. Tena kompyuta yenyewe mara nyingi ni ya nyumba nzima: mna barua pepe za baba na mahesabu ya kikoba cha mama, ambaye hajawahi kuua hata zimwi moja.

Kuzikataa modi zote nako ni ulokole wa bure. Gemu la Counter-Strike lilianza kama modi ya gemu jingine, Half-Life. Bila watundu wanaotengeneza modi tungekosa mengi. Ila kijana wa gemu afunguliwe akaunti yake kwenye hiyo kompyuta, isiyo na mamlaka ya msimamizi, na humo lisihifadhiwe neno la siri la maana. Modi iliyotoka leo aiache wiki kadhaa, wenye haraka waijaribu kwanza. Na inayomtaka azime antivirusi, aifute bila kuifungua.