Siku Nilipohamia D

Watu wa Kilwa tumezoea kuhama. Mji wenyewe umehama mara mbili. Ibn Battuta alipofika mwaka 1331, Kilwa ilikuwa kisiwani. Karne ya 19 biashara ikawa Kivinje. Leo makao makuu ya wilaya yako Masoko, ninakofundisha, na kule Kisiwani umebaki ujirani wa kijiji na magofu, yale ambayo UNESCO iliyaingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Kwa asili hiyo, nani angedhani nitashindwa kuhamisha mafolda mawili?

Laptopu yangu ina diski moja ya GB 500, iliyokatwa vyumba viwili. Chumba C, anamolala Windows, kilikuwa cha GB 100, na ule mstari wa nafasi ulishaiva wekundu kama macho ya mlevi. Chumba D kilikuwa na zaidi ya GB 360 zinapunga upepo tu. Nyaraka, picha na video zote zilijazana C, maana Windows huziweka humo, chini ya jina la mtumiaji, isipoambiwa vingine.

Kijana wa duka la steshenari akanielekeza: bofya folda kwa kitufe cha kulia, ingia Sifa, kisha Mahali, halafu Hamisha. "Mwalimu, siku Windows ikifa, tunaipiga upya C. D haiguswi."

Alichosahau kuniambia, au alichosema wakati nahesabu chenji, ni kwamba kila folda lijengewe kwanza chumba chake huko D. Mimi nikazielekeza Nyaraka D. Nikazielekeza na Picha D hiyo hiyo, palepale mlangoni. Windows ikaniuliza swali refu. Nikabonyeza Ndiyo bila kulisoma. Baada ya nusu saa Nyaraka na Picha walikuwa wameoana: ukifungua hili, unamkuta mwenzake. Nikajaribu kuwatenganisha, Windows ikakataa katakata. Ndoa isiyo na talaka.

Aibu ilinikuta kwenye kikao cha wazazi. Niliwasha projekta nionyeshe matokeo ya Kidato cha Pili. Faili la matokeo lilikuwa limebanana na picha za nyumbani, nami nikabofya jirani yake. Ukutani nikatokea mimi, kifua wazi, nimejifunga kanga ya mke wangu, pweza mkono huu, pweza mkono ule. Kanga nayo ina maneno yake. Mama mmoja wa mbele akayasoma kwa sauti, taratibu: "Mdhaniaye ndiye siye."

Jioni nikateremka bandarini kumsimulia mzee mmoja nahodha. Nilipompa shikamoo aliitikia huku anacheka, habari zilishamfikia.

"Hizo C na D, ni mashine mbili?"

"Hapana, mzee. Diski ni moja, imepigwa mstari tu."

"Basi hujahama, mwanangu. Umetoa mzigo tezi, ukaupeleka omo. Chombo kikizama, utaokoa upi?"

Sikuwa na jibu. Kijana wa duka hakukosea: Windows ikiharibika, vilivyo D hupona. Lakini diski yenyewe ikifa, C na D huzikwa kaburi moja.

Kijana akaingia kwenye rejista ya Windows, akawaachanisha wale wanandoa. Safari hii nilitengeneza kwanza folda la Nyaraka na folda la Picha ndani ya D, kila moja na jina lake, kisha nikachambua faili mojamoja kwa siku nne, kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Halafu nikanunua diski ya nje, nikanakili kila kitu, nikampelekea dada yangu Kivinje aifungie kabatini. Nawe msomaji, kama faili zako zote zinalala kwenye chombo kimoja, nakili leo, na nakala iondoke nyumbani kwako.

Picha ya pweza tu ndiyo sikuinakili. Wazazi wanayo kwenye simu zao.